Kofia ya Irabu

Nilianza kwa kuwafukuza wapangaji wawili:
Q, ambayo tangu ninunue simu hii
haijaniandikia neno hata moja,
na X, ambayo kazi yake ni kunionyesha nimekosa.
Nyumba ina safu tatu tu, kioo chenyewe chembamba.
Usiku huo, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
kibanda kimefungwa, feni inakoroma,
uniti za Luku zimebaki nne,
nikawapangisha pale walipotoka
mkwaju mmoja unaopanda kulia
na kofia moja yenye ncha.

Mama alitaka kuniandikia Kiha.
Si salamu. Salamu anazo za Kiswahili,
zinatosha mtaa mzima.
Alitaka yale maneno ambayo
yakikosa sauti ya juu mahali pake
yanageuka, anasema, kama chapati,
na upande wa pili una habari nyingine.
Mimi niliyezaliwa Pongwe, kambini,
nayasikia yote sawasawa,
kama mwenye mafua anayeonja mchuzi.
Ndiyo kusema natengeneza mlango
wa nyumba nisiyojua vyumba vyake.

Jaribio la kwanza lilifia kidoleni.
Miaka ishirini na sita ya mkonge,
mingi kati yake mbele ya korona,
imelilamba gumba lake likabaki gamba.
Anabonyeza, kioo hakimwoni.
Anabonyeza tena, kama anayepiga hodi
kwa watu waliomo ndani wakanyamaza.
"Simu yako ina dharau."
Nikavipanua vitufe.
Nikakiondoa kile kibonyeze-ukishikilie-usubiri:
aliyesubiri mshahara wa kambi hadi tarehe ishirini
asisubirishwe na irabu.

La pili, alama ilitangulia, herufi ikafuata,
na kioo kikatema kisanduku kitupu.
"Kofia bila kichwa," akasema, "umeiona wapi?"
Nikageuza. Kichwa kwanza.

La tatu nilimwomba radhi mapema:
ukifuta, mama, inaondoka alama peke yake,
irabu inabaki, nitarekebisha kesho.
Akafuta. Akaandika. Akafuta tena,
akacheka mpaka kikombe kikayumba.
"Acha hivyo hivyo. Mtu ukikosea kumvisha
humfukuzi nyumbani. Unamvua."
Katika daftari langu la makosa, mstari wa tisa,
nimeandika: *si kosa.*

Jumapili hakuniambia anaandika nini.
Ulimi pembeni mwa mdomo, miwani puani,
herufi saba kwa dakika nzima,
kofia moja aliivua, akaihamisha.
Jina la baba.
Bhutoyi, pacha aliyekuja nyuma.
Kadi yake ya manamba ninayo:
namba imeandikwa kwa wino mnene,
jina limeandikwa Butoi, kwa penseli.
Mnyapara aliita namba.
Sisi tuliita Baba.
Aliyelipandisha jina lile pale linapopanda
alikuwa mama pekee, jioni, akimwitia maji ya kuoga,
na tangu tumzike hakuna maji ya kumwitia.

"Sasa soma wewe."
Nikasoma.
Akatikisa kichwa. "Huyo simjui."
Nikasoma tena, nikapandisha mapema mno.
"Huyo labda jirani."
Mara ya tano alitazama dirishani.
Mara ya saba hakusema kitu,
akachukua simu yake akaenda jikoni,
nikasikia vitufe,
tik, tik,
nikasikia sufuria.

Shairi hili nimelichapisha stationari ya jirani.
Mashine yao haijui kofia wala mkwaju,
kila palipo na alama inachora kisanduku,
kwa hiyo jina mmelikuta tambarare.
Msinilaumu.
Nakala ya mama nimeitia kwa kalamu ya bluu,
naye ameshaisahihisha.