Kuni Mbichi

Usiku wa Januari hapa Kajaani
baridi hufanya kuta za mbao zilie kama risasi,
nami nimesimama dirishani kifua wazi,
jasho linanitiririka.
Hilkka ameketi kitandani, kofia ya sufu masikioni,
soksi jozi mbili, blanketi hadi kidevuni.
"Sasa umejua," anasema.
Miaka ishirini na tano iliyopita yeye ndiye aliyesimama hapa,
na mimi ndiye niliyenung'unika: funga dirisha, tutaganda.
Sikumwomba radhi wakati ule.
Nimemwomba usiku huu.
Amecheka hadi kofia ikamdondoka.

Ni ile sindano ya kila miezi mitatu.
Imezima kilichonipa ndevu, sauti na watoto wawili,
maana ugonjwa nao hula chungu hicho hicho.
Ili mwizi alale njaa,
mwenye nyumba huzima jiko lake.

Nimeendesha treni za magogo miaka thelathini na minne.
Waliponionyesha picha ya mifupa yangu
sikuhitaji kufafanuliwa: ni njia ya reli, usiku,
na stesheni zimewashwa taa.
Moja nyongani. Mbili mbavuni.
Moja ndogo begani, pale alipokuwa akikaa mjukuu.
Nikauliza, inafika wapi hii?
Daktari Saarelma akatazama viatu vyake,
kisha akanitazama mimi, na kwa hilo nilimheshimu.
"Kuing'oa hatuwezi. Kupunguza mwendo, tunaweza."
Mgeni huyu hakuja ili mwenyeji apone.

Hilkka huandika nambari za damu
kwenye kalenda ya duka la mbegu, jikoni.
Mia tatu arobaini.
Kumi na saba.
Sifuri nukta tisa: siku hiyo tulikula keki
saa tatu asubuhi, bila sahani.
Mwaka mmoja na nusu kalenda ikanyamaza.
Halafu mbili. Halafu tano na ushei.
Nambari ndogo, haifiki bei ya samaki wa kuvuta moshi,
lakini hiyo aliiandika kwa penseli.

Sasa kuna vidonge vinne, tumbo tupu,
saa nzima kabla ya uji.
Kuna mionzi ya nyonga, asubuhi tano mfululizo,
na kijana wa mashine aliyeniuliza napenda muziki gani.
Nikamwambia kimya.
Akanipa kimya, akakipunguza taa.

Matiti yameniota. Mapaja yameniisha.
Lipo jambo tulilokuwa tukilifanya Jumamosi baada ya sauna;
siku hizi tunakatana kucha.
Za miguu hunikatia yeye, maana siwezi kuinama.
Huushika mguu wangu pajani mwake
kama fundi aliyeletewa saa ya mtu mwingine,
na wakati mwingine akimaliza
huusahau pale, tukasikiliza habari za hali ya hewa.

Mwezi Machi Osmo alipiga simu, yule muuza kuni.
"Kavu au mbichi?"
Mbichi ni nusu ya bei,
ila hutaka viangazi viwili kabla ya kuingia jikoni.
Hilkka alikuwa nyuma yangu
akiifuta sahani iliyokwisha kukauka.
Osmo anajua. Mji mzima unajua.
Nilisikia anavyopumua kwenye simu,
anavyotafuta namna ya kuniuzia kavu.

Mbichi, nikasema. Lori zima.

Zimemwagwa uani, nyeupe, magome kama karatasi iliyochanika,
bado zinanuka maji.
Ninazipanga ukutani mwa banda, gome juu,
vipande vitano kwa siku, sita nikijisikia.
Kisha naketi juu ya zile zisizopangwa,
koti wazi,
nikiingoja pumzi yangu, ambayo iko nyuma kidogo.
Hilkka ananitazama kupitia dirisha la jikoni.
Amelifungua.