Kitambaa Hurudi

Kilete hapa mlangoni, penye jua.
Taa ya dukani haina dini,
na muuzaji ana ulimi wa satini.

Mimi sikati nisichokijua.
Kwanza nakifinya ngumi, nahesabu hadi kumi, naachia.
Kikibaki na makunyanzi kama uso wa mtoto aliyenyimwa sukari,
pamba hiyo, au kitani; na pasi utaizoea.
Kikijinyoosha chenyewe kana kwamba hakikuguswa,
poliesta: joto la Tanga la Februari
litakupikia humo ndani
kama wali uliopaliwa makaa.

Halafu navuta uzi pembeni,
mmoja wa mtande, mmoja wa mshindio,
maana ndugu hawa hulala kitanda kimoja
na kila mtu na tabia yake.
Nawasha kiberiti.
Pamba huungua kama karatasi ya daftari, majivu yakapeperuka.
Poliesta hudondoka matone meusi,
yakaganda, magumu kama mbegu za papai.
Hariri hunuka nywele.
Wateja huziba pua. Mimi ndipo navuta pumzi.

Haya sikuzaliwa nayo.
Niliyanunua kwa gauni jeupe la Semeni, muuguzi wa Bombo:
drili nzito, mita tatu,
nikaikata vivi hivi bila kuiloweka
kwa kuwa mwezi ulikwisha na kodi ya kibanda inadai.
Lilipofuliwa mara moja tu
akaja nalo Barabara ya Kumi na Tano, amelivaa,
pindo juu ya magoti, kwapa zimemkaba,
wanywa kahawa wote shingo upande.
"Fundi," akasema, "gauni limerudi."
Nikamlipa mita tatu nyingine.
Ile ndoo unayoiona chini ya cherehani
ipo hapo tangu siku ile.

Sasa kuna hiki, cha sandukuni.
Kihiyo alikileta mwaka alipokwenda machimboni,
rangi ya majivu, mita mbili na nusu.
"Sufu halisi. Nishonee suti, nikirudi niivae."
Suti niliiamini. Kurudi nikakuamini.
Sufu, hapana:
mtu yule hata bei ya nyanya aliipamba.
Miaka tisa nakiwekea karafuu kwa ajili ya nondo,
sijakigusa kwa mkasi
wala kwa kiberiti.

Juzi Mwanaheri kapiga simu kutoka shuleni, Lushoto.
Meno yanagongana, yeye anasingizia mtandao.
Nikafungua sanduku.
Nikavuta uzi.

Moto ulisitasita, ukajizima wenyewe.
Kikabaki kijivu cheusi, ukikifikicha kinasagika.
Na nywele, nywele zilizoungua, kibanda kizima.

Kumbe hili alisema kweli.

Nilikaa kidogo, futi shingoni.
Mteja wa lesi akaita hodi mara mbili, akaondoka.
Kisha nikatandaza kitambaa chenye majimaji juu yake,
nikapiga pasi kwa kugusa na kuinua, kugusa na kuinua,
mvuke ukipanda;
nikatoa chaki, nikatafuta bitana laini ya pamba,
nikakata.

Hii karatasi naitia mfukoni mwa koti:

*Mwanangu, hili si la kufulia pamoja na soksi.
Maji ya baridi, sabuni kidogo, usisugue.
Usilikamue; liviringishe ndani ya taulo ulikandamize.
Kwenye kamba usilitundike, litavutika mabega.
Lilaze kivulini, hata likichukua siku mbili.
Maji ya moto usithubutu, litarudi,
na sikulishona lirudi. Wewe ndiye urudi,
Desemba, basi la asubuhi.
Kifungo cha akiba kipo ndani, ubavu wa kushoto.
Mikono ikikufupia usimpe mtu, fumua:
upindo nimeuacha vidole vitatu.*