Mshahara wa Mikia

Ijumaa hii hatukulipwa noti.
Umeme ulikatika Jumatano, jenereta likakohoa, likanyamaza,
na tajiri akasimama mlangoni mwa chumba cha barafu
akatugawia mzigo kabla haujanuka:
mikia sita kwa kila mtu, tia sahihi, nenda.

Miaka kumi na saba nakata kamba koche pale Deep Sea.
Shika kichwa, shika mkia, zungusha, vuta.
Mlio wake naujua kama mlio wa kitasa changu.
Niwekee mkia kiganjani nikutajie gramu,
mia mbili na kumi, mia mbili arubaini;
mizani ikibisha, kagueni mizani.
Ladha yake, basi, usiniulize.
Mkia hupanda ndege.
Kichwa hushuka Ngamiani.

Uani, Barabara ya Kumi na Sita,
Bi Saumu wa chumba cha pili akachungulia beseni.
"Hii ni kodi ya nyumba, Mwanatumu.
Kodi ya nyumba unaitia ndimu?"
Nilishazunguka nayo, sikumwambia.
Mgahawa wa kwanza hawana barafu,
wa pili wamenitajia bei ya dagaa,
na jua la Tanga halimsubiri mtu akitafuta mteja.

Mkasi niliazima kwa Zuhura fundi cherehani,
nikaapa nitaurudisha bila harufu.
Unaanzia pale mkia ulipokatwa, mgongoni,
kra, kra, unalifuata gamba
hadi karibu na pezi, usilifikie.
Unaufungua kama daftari lililolowa.
Ndani, nyama ya rangi ya uji wa mchele
na uzi mweusi katikati.
Uvute polepole utoke wote.
Ukikatika, utakula mchanga na utanyamaza.

Kitunguu saumu, punje nane.
Pilipili mbuzi moja, bila mbegu, kwa ajili ya Hatibu.
Tui la kwanza, lile zito; la pili nililipeleka kwenye wali.
Mkaa nusu kopo.

Dakika ngapi? Hapo ndipo nilipokwama.
Kichwa unakisahau jikoni
kinachemka hadi adhuhuri wala hakikulaumu.
Mkia hauna subira hiyo.
Wa kwanza uliniponyoka nikibishana na Bi Saumu,
nikaukuta umekuwa ndara.
Nikautafuna peke yangu nyuma ya mlango,
hasara ya gramu mia mbili na kumi, bila shahidi.

Wa pili nikauchuchumalia.
Gamba ndilo linaanza kuona haya, linakuwa jekundu,
kisha nyama inajikunja, inajitenga na ukuta wake,
inakuwa nyeupe kama shuka lililoanuliwa sasa hivi.
Hapo. Hapo hapo. Mimina tui, epua,
hata kama moyo unasema bado.

Bi Saumu alikuja na sahani yake mwenyewe.
Kodi ya nyumba akaila, akalamba kidole gumba.
"Kumbe," akasema.
Kumbe nini?
"Kumbe ndicho wanachotuficha."

Na mimi nilionja. Kitamu, sikatai.
Laini, hakina mfupa, hakina kazi,
kinateleza kooni kabla hamjafahamiana.
Nilitafuta cha kufyonza, vidole vikakosa shughuli.

Hatibu, miaka sita, akalipindua gamba,
akalitikisa, akalichungulia kama anayetafuta shilingi.
"Mama, miguu iko wapi? Na kichwa?"
Vichwa vimebaki kazini, nikamwambia.
"Ah," akasukuma sahani,
"basi wao ndio wamekula vizuri."

Jumatatu jenereta limepona.
Kodi bado nadaiwa.
Mkasi niliuosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu iliyobaki,
na bado;
Zuhura ana sare thelathini za kukata wiki hii,
na shule nzima itapanga mstari asubuhi
ikinukia mkia.