Usiku wa Magunzi

Tulianza kwa kumwambia akimbie.
Bibi Nyanzobe akasema: nikimbilie wapi,
na furu wangu bado wabichi?

Mtoto wa Lushinge alizikwa Jumatatu.
Jumanne baba yake akavuka ng'ambo kupigiwa ramli,
Jumatano akarudi na jibu:
ni mzee, ni mwanamke, nyumba yake inatazama ziwa,
macho yake mekundu.
Kayenze nzima inatazama ziwa.
Lakini macho mekundu tulikuwa nayo mawili tu,
ya yule aliyebanika samaki
tangu sangara hajajulikana majini humu.

Nami nilisema. Sikatai.
Pale mwaloni, nikipima dagaa kwa kisado,
nilisema: moshi haumfanyi mtu awe vile.
Neno dogo, la kupitishia asubuhi.
Likatembea kwa miguu yake,
likafika nyumbani kabla yangu.

Saa mbili usiku Kabula mwenye mguu mfupi
alitoka na kigoda kichwani.
Hakumpigia mtu hodi. Alipita katikati ya nyumba zetu
akiburuta gunia la magunzi mabichi,
na ile sauti ya gunia juu ya changarawe
ndiyo iliyotutoa, mmoja mmoja.
Ng'wasi na mavi ya ng'ombe yaliyokauka nusu.
Mama Tabitha na kanga ya kuzibia dirisha.
Mjane wa Bujiku, aliyenuniana na bibi
tangu ile kesi ya mpaka.
Mimi na koroboi,
na ulimi uliolala mdomoni kama jiwe la kusagia.

Tukajifungia jikoni kwake, watu kumi na mmoja
katika nafasi ya watatu,
tukawasha.

Moshi hauna adabu.
Tulikohoa, tukalia, tukatukanana.
Bibi alitugombeza usiku kucha:
Nani kamweka huyu bila kumtoa matumbo?
Geuza! Mnaniunguzia mali!
Hakuuliza tumefuata nini.

Saa tisa mbwa alibweka mara moja, akanyamaza.
Mlango ukasukumwa kwa ncha ya panga.
Watatu, vitambaa usoni.
Yuko wapi mwenye macho mekundu?

Kabula akainua koroboi usoni pake.
Kisha akampa Ng'wasi. Ng'wasi akampa mjane wa Bujiku.
Koroboi ikatembea, uso kwa uso,
na kila uso una makaa mawili yanayochuruzika maji.
Hakuna aliyetoa hotuba.
Iliponifikia nikatazama chini, nikaona buti:
za kijani, kiraka cha tairi kisiginoni.
Nikasikia sauti yangu ikisema:
Hizo bado elfu nane, mwanangu.
Uliniambia mwisho wa mwezi.

Panga likashuka kidogo.
Moshi ulikuwa ukitafuta njia ya kutokea,
na njia ilikuwa wao.
Mmoja akakohoa, akakohoa tena,
akajifuta kwa kitambaa kile kile cha kujifichia.
Jamani, macho yake!
Bibi akamtazama kwa muda.
Na wewe, akasema. Ingia, au funga mlango.

Wakaufunga. Kwa nje.
Tulihesabu hatua zao hadi kwenye minyaa,
halafu tukasahau kuhesabu.

Kulipokucha sungusungu walifika na filimbi,
mwenyekiti na daftari.
Mama Tabitha alikuwa analala amekaa, mdomo wazi.
Mjane wa Bujiku alikuwa anafagia ua usio wake.
Bibi aligawa furu kwa idadi ya waliokesha,
weusi, wachungu, wameungua hadi miiba.
Mimi alinipa wawili.
Mmoja wako, akasema.
Mwingine wa lile neno lako la mwaloni,
nalo lisirudi na njaa.

Nikawala wote wawili, nimesimama, yeye akinitazama.

Macho yaliniwasha mpaka Jumapili.
Wateja walipoinama kuniangalia juu ya mizani
niliwaambia: ni moshi.
Ni moshi tu.