Samaki Hana Pafu

Mwalimu Bwire, salamu.
Mimi ni shangazi yake Nkwimba wa darasa la sita,
yule mpasua samaki wa Mwaloni, Kirumba,
meza ya tatu kutoka kwenye mizani.
Daftari nimeliona.
Samaki mmoja, mishale kumi,
na penye neno "pafu" umepiga mkasi mwekundu
hadi karatasi imetoboka.
Pembeni umeandika: Samaki hana pafu.

Nikajiuliza, samaki yupi?

Maana hawa wangu hawajawahi kunijia
wakiwa mmoja, ubavu mmoja, wakitazama kushoto.

Kambare hana gamba hata la dawa,
anateleza kama sabuni ndani ya beseni.
Ana sharubu nane. Kwenye maji ya tope
hizo ndizo macho, hizo ndizo ulimi.

Gogogo hujitaja mwenyewe:
mshike, atakwaruza mwiba kwenye tundu la pezi,
go, go, go, mpaka ndani ya karai.
Mwiba huohuo ulinilaza na homa siku mbili.

Domodomo, mdomo umemrefuka
kama wa mtu anyonyaye soda iliyobaki chini.
Mkiani ana umeme mdogo,
hauwashi hata balbu ya tochi,
ila usiku usio na mwezi unamwambia
hapa jiwe, hapa mwenzako.
(Hili la umeme nilielezwa na kijana wa utafiti
aliyekuja kununua vichwa. Mengine nimeyaona kwa kisu.)

Sangara unamjua. Bondo lake ni mfuko wa hewa,
linamwinua, linamshusha;
likikaushwa lina bei kuliko minofu,
linapanda ndege.
Mimi sijapanda.

Dagaa kisu hakimwezi.
Huyo mwili wake ni wote kwa pamoja,
maelfu wanageuka mara moja
kama ukurasa.

Na furu.
Kwa furu huwa nakaa chini.
Jina tumewapa moja, kama kuita kila mtu "bwana",
kumbe mmoja ana meno kooni ya kusaga konokono,
mwingine anakwangua ukoga kwenye mawe,
mwingine ni mwizi, anakula watoto wa jirani.
Bibi yangu aliwajua kwa rangi zao.
Sangara alipokuja, rangi nyingi zilikwisha
kabla sijajifunza kuzitaja.
Jike lake hubeba mayai kinywani,
wiki mbili, tatu, hali kitu.
Niliwahi kumbana mmoja chini ya taya
wakamwagika vitoto mezani, macho matupu.
Nikaweka kisu chini.
Halafu nikakiokota, mteja alikuwa amesimama.

Sasa pafu.

Baba alikuwa akifyatua tofali kule Magu, kiangazi,
bwawa limekauka, udongo umepasuka kama kisigino.
Jembe likagonga bonge. Bonge likaguna.
Ndani yake kamongo, amejikunja,
amejivika ute wake mwenyewe kama shuka,
analala akisubiri mvua.
Alikuwa anapumua, mwalimu.
Kwa nini? Kwa matamvua?

Nimempasua mimi mara nyingi:
mapafu mawili, marefu, yamelala kando ya uti
kama soksi zilizolowa.
Nkwimba ana miaka saba nikamwonyesha.
Aliyagusa kwa kidole, akanusa kidole.
Kwa hiyo kosa, kama ni kosa, ni langu.

Na jambo jingine. Kamongo akinaswa
na wavu wa chini, akakosa njia ya kupanda juu,
asubuhi tunamkuta amekufa maji.
Samaki, kufa maji!
Wavuvi wenyewe hucheka, kisha wananyamaza.

Alama moja usihangaike kuirudisha,
nasikitikia karatasi tu.
Ila kesho nitamtuma mtoto na ndoo.
Usiifunike.
Shika chaki yako, nyamazisha darasa, ngoja kidogo.
Atapanda juu polepole, atafungua mdomo,
na mtamsikia.