Kimya cha Wakani

Nyumba yetu Sohari inatazama barabara ya bandarini.
Malori hayalali. Vikombe hutetemeka kabatini,
na moto wa kiwanda, ule usiozimwa,
hutumulikia sebule bila kuombwa.
Nguo naanika nyeupe,
naanua zina rangi ya chai ya maziwa.

Shinuna wangu, miaka sita,
hajui kusema ila kwa ukelele.
Mwalimu kaniita: hasikii, au hasikilizi?
Nikamjibu, kwetu anayenong'ona hapewi mkate.

Kikohozi kilipozidi, daktari akasema mpandisheni mlimani.
Tukaenda Wakani, kwa shangazi Ghaniya,
mishimishi imechanua,
maji ya falaji yanapita kama mtu aliyevua viatu.

Usiku ule mtoto akalia.
"Mama, nani kaizima dunia?"
Nikamkumbatia gizani, nikanyamaza naye,
hadi akasinzia,
ndipo nikaisikia:
filimbi nyembamba ndani ya kifua,
inapanda, inakatika, inaanza tena,
kama birika lililosahauliwa motoni.

Tangu lini?
Miaka mingapi malori yameifunika,
nami ubavuni pake
nikidhani mwanangu kalala salama?

Shangazi akauliza, mbona huna usingizi.
Nahesabu.
Unahesabu nini saa hizi?
Pumzi, shangazi. Huku zinahesabika.

Jumamosi tunateremka.
Baba yake ana zamu,
kule kule, kwenye moto.