Kisra Mbili

Mwalimu Dhannuni aliandika "hal" ubaoni,
akaigonga kwa kipande cha chaki:
"Hii inataka ndiyo au siyo. Haina makuu.
Jihadharini na hizi nyingine."

Tulikuwa kumi na mmoja, ng'ambo ya magharibi ya Mosul,
madirisha ya nailoni, jenereta ya jirani ikikohoa,
naye ndani ya koti lile lile la sufi
akitufundisha kwamba maswali mengi si maswali.
Ayna, wapi: baba akikuuliza ulikuwa wapi
saa nne hii ya usiku,
je, anataka umchoree ramani?
(Tukacheka.)
Man, nani: mwoka samuni akinadi
nani asiyeijua tanuri yangu,
ole wake atakayenyoosha mkono.
Mata, lini:
hiyo waulizeni wanaojenga daraja.

Kisha akafika kwenye kam.
"Kam tilmidhan?" Wanafunzi wangapi?
Fataha mbili juu, kama mtu aliyeinua nyusi.
Unahesabu, unajibu, unaketi.
Akaifuta alifu kwa kidole,
akazishusha zile alama chini ya herufi:
"kam tilmidhin."
Kisra mbili. Hapo huulizi tena.
Hapo unasema: wangapi hao, wangapi!
Akayatazama madawati ya nyuma
na hakutupa mfano mwingine.

Mimi nilikuwa na langu la nyumbani.
Kila jioni, akichagua mawe kwenye dengu,
mama huuliza: Ghanim yuko wapi?
Mwaka wa tatu huo, na kijiko chake bado hupangwa.
Nililiandika nyuma ya daftari,
nikalitafutia fungu:
la kukanusha? La kukemea? La kustaajabu?
Au lile la kumkumbusha Mungu
jambo ambalo hakulisahau?
Halikukaa popote.
Nikampelekea mwalimu baada ya kengele.

Alivua miwani, akaivaa tena.
Mstari mmoja tu, akausoma kama barua.
"Hili," akasema, "ni swali.
Mama yako anauliza.
Umewahi kumjibu?"

Nilishika njia ndefu, ile ya kwa wafua shaba,
nikanunua limau ambalo hakuna aliyenituma.
Mama alikuwa na ungo magotini.
Akauliza.
"Sijui, mama," nikasema. "Sijui alipo."

Mkono wake ukasimama juu ya dengu.
Kisha akajisogeza kidogo mkekani
na kunielekezea ukingo mmoja wa ungo,
ule wenye mawe mengi.